RMS ya kipima-wimbi ni 0.05 µm lakini seli koni za fovea hazionekani kwenye AOSLO

KamaKioo:

Habari wakuu. Naomba mnisaidie kuchambua mashine ya kupiga picha retina ya jicho hai, ile ya mwale unaotambaza pamoja na optiki badilifu (AOSLO). Mpangilio uko hivi.

Mwanga wa taswira unatoka SLD (diodi ya mwanga wenye upana wa rangi kuliko leza) ya 790 nm (120 µW kwenye konea), mwanga wa kupimia SLD ya 850 nm (40 µW). Mwale una kipenyo cha 7 mm kwenye mboni. Kioo nyumbufu (kinachobadili umbo ili kusahihisha kasoro za jicho) kina visukumizi 97. Kipima-wimbi ni Shack-Hartmann (vijilenzi vingi, kila kimoja kikitoa nukta inayosogea kulingana na mteremko wa wimbi): vijilenzi vina umbali wa fokasi wa 7 mm, kamera ina pikseli za 7.4 µm, na mboni inafika pale kwa ukubwa uleule. Skana ya resonansi inachora mistari, galvo (skana ya polepole) inashusha, fremu ni pikseli 512 kwa 512, takriban 30 kwa sekunde. Eneo la taswira ni digrii 2 kwa 2. Upande wa kupokea kuna lenzi ya 100 mm, mwale unaingia ukiwa na kipenyo cha 5 mm, halafu kitundu cha 100 µm, halafu PMT (kipokezi chepesi cha mwanga hafifu).

Mzunguko wa marekebisho ukiwashwa, kasoro iliyobaki inashuka hadi RMS (wastani wa mkengeuko wa wimbi) 0.05 µm na inatulia. Digrii 3 kutoka katikati naziona seli koni, ingawa si kali. Kwenye fovea (katikati ya retina, penye koni nyingi zaidi) yenyewe ni ukungu wa kijivu, hata nikichukua wastani wa fremu 40. Kwenye jicho la mfano (lenzi ya akromati na karatasi) picha ni safi kabisa.

Kama kipima-wimbi kinasema wimbi limenyooka, kosa linaweza kujificha wapi?

PikseliMbili:

Kabla ya optiki, angalia hesabu ya pikseli. Digrii 1 ni karibu 290 µm kwenye jicho la urefu wa kawaida. Digrii 2 juu ya pikseli 512 ni 1.13 µm kwa pikseli. Katikati ya fovea msongamano wa koni kwa wastani ni kama 199,000 kwa milimita mraba, yaani katikati ya koni hadi katikati ya jirani yake ni 2.4 µm, na kati ya safu na safu ni 2.1 µm. Safu moja unaipa pikseli 1.8. Chini ya pikseli 2 kwa safu hakuna kitakachoonekana hata optiki ikiwa kamilifu. Digrii 3 pembeni, koni zimeachana kwa takriban 8 µm, ndiyo maana huko unaziona.

Punguza eneo hadi digrii 1 au hata 0.75, kisha ndiyo tuzungumze kuhusu kioo nyumbufu.

Fundi_Wimbi:

PikseliMbili yuko sahihi, ila hilo peke yake halielezi ukungu wa digrii 3. Kwa kipenyo cha 7 mm na 790 nm, ukomo wa mtawanyiko ni 1.22 × 0.79 × 16.7 / 7, yaani 2.3 µm. Koni za umbali wa 8 µm zilipaswa kukata kama punje za mahindi. Kwa hiyo kuna kosa la optiki, na kosa hilo kipima-wimbi chako hakilioni.

Namba ya RMS inaeleza mwanga uliofika kwenye kipima-wimbi, kwa rangi iliyofika huko. Mwanga unaotengeneza picha ni wa rangi nyingine na unapita kwenye vioo vingine baada ya njia kugawanyika. Anza na rangi, kwa sababu hapo ndipo jicho la mfano linakudanganya: lenzi yako ni ya akromati, lakini jicho la binadamu si akromati hata kidogo. Kati ya 790 na 850 nm jicho linatofautiana kwa takriban dayopta 0.12. Mzunguko wako unasawazisha 850 nm hadi sifuri, kwa hiyo 790 nm inabaki na 0.12 D ya myopia.

Watu husikia 0.12 D wakaona ni kitu kidogo, kwa sababu kwenye miwani hakuna anayeihisi. Ibadilishe kuwa RMS kwenye mboni ya nusu-kipenyo 3.5 mm: 0.12 × 3.5² / (4√3) = 0.21 µm. Kigezo cha Maréchal (kiwango cha kasoro ambacho chini yake optiki huhesabiwa kuwa safi) kwa 790 nm ni λ/14, yaani 0.056 µm. Unasoma 0.05 kwenye skrini ukidhani umevuka, kumbe picha inabeba karibu mara nne ya kiwango. Kwa kina cha retina, 1 D ni kama 370 µm, hivyo fokasi yako imekaa takriban 45 µm mbele ya tabaka la koni, upande wa nyuzi za neva.

Na usitegemee kuliona kwa macho kwenye nukta za Shack-Hartmann. Ukingoni mwa mboni, 0.12 D ni mteremko wa miliradiani 0.42. Mara 7 mm unapata msogeo wa 2.9 µm, chini ya nusu ya pikseli moja ya kamera yako.

Dawa ni rahisi. Usiguse vikusanya-mwale (lenzi zinazonyoosha mwale wa chanzo). Ongeza fokasi kwenye nukta rejea za kipima-wimbi (mahali ambapo mzunguko unalenga kila nukta ikae) ili mzunguko ushikilie hali isiyo sifuri kwa 850 nm. Kioo nyumbufu kitasogeza mwanga unaoingia na unaotoka kwa pamoja, kwa hiyo uhusiano wa chanzo na kitundu hauvunjiki. Piga hatua za 0.02 D kutoka −0.3 hadi +0.3, kila hatua sekunde 2 za video, usiangalie alama ya jumlisha au kutoa mpaka umalize (kila programu ina desturi yake ya ishara). Ukianzia upande wa vitreo utaona nyuzi za neva zenye michirizi inayong'aa, kisha mishipa midogo na chembe za damu zikikimbia, kisha koni. Hilo pia linakuthibitishia kwamba fokasi inatembea kwa mwelekeo unaoudhania.

Tundu_Finyu:

Naafiki hesabu ya rangi, lakini mimi ningeanza na kitundu, maana kinabadilishwa kwa dakika tano.

Duara la Airy (doa dogo kabisa ambalo optiki safi inaweza kutoa) pale kwenye kitundu: 2.44 × 0.79 × 100 / 5 = 38.6 µm. Kitundu cha 100 µm ni mara 2.6 ya duara hilo. Kwa ukubwa huo unakusanya karibu mwanga wote, pamoja na ule uliotawanyika kutoka koroidi na tabaka la seli za rangi, na ndio huo ukungu wa kijivu. Weka 40 µm, yaani duara moja. Ukipata mwanga wa kutosha, 25 µm (mara 0.65) inaongeza hata ukali wa upande kwa upande, siyo wa kina peke yake, na kwa koni za fovea hiyo ndiyo tofauti kati ya kuhisi na kuona.

Kitundu kidogo hakisamehe. Kipange kwenye jicho la mfano kwa mihimili mitatu, ukifuata volti ya PMT: kwanza kushoto-kulia na juu-chini, halafu mbele-nyuma kwa hatua za 50 µm, halafu rudia mbili za mwanzo. Kwa jicho la kweli utasahihisha kidogo tena, lakini ukijikuta unasogeza zaidi ya robo milimita mbele-nyuma, acha. Hapo unaficha kosa la fokasi kwa kutumia kitundu, na chanzo na kitundu havitazami tena sehemu moja ya retina.

Halafu kuna kosa la njia isiyoshirikiwa: kila kioo na lenzi iliyo baada ya kioo kigawa-mwanga, upande wa PMT peke yake. Lipime kwa jicho la mfano: mzunguko ukiwa umewashwa, ongeza kwenye nukta rejea astigmatizimu ya digrii 0/90, kisha 45, kisha koma mbili (kasoro ya doa lenye mkia, mlalo na wima), kisha kasoro ya umbo-tufe, moja baada ya nyingine, kati ya −0.1 na +0.1 µm. Kwa kila moja chukua wastani wa mwangaza kupitia kitundu kidogo, chora mkunjo, shika kilele. Rudia duru ya pili kwa sababu modi hizi huathiriana kidogo. Hifadhi hizo kama rejea mpya, kisha juu yake ndipo uongeze ile 0.12 D ya Fundi_Wimbi, ambayo jicho la mfano haliwezi kukupa.

Fundi_Wimbi:

Swali kwa KamaKioo: vioo vyako vya duara vinavyorusha mboni kutoka skana hadi skana vimekunjwa vyote kwenye ubapa wa meza?

Kama jibu ni ndiyo, astigmatizimu ya kila kioo inajumlika, na kioo nyumbufu kinaisafisha katikati ya eneo tu. Pembeni mwa eneo inarudi. Dalili yake ni picha kali katikati na yenye michirizi kwenye kona, mwelekeo wa michirizi ukibadilika fokasi inapovuka. Jibu la kudumu ni kukunja njia nje ya ubapa, jozi moja mlalo na nyingine wima, ili astigmatizimu zifutane.

Jaribio la haraka: weka karatasi mahali pa mboni, washa skana zote mbili. Duara la mwanga linapaswa kukaa palepale likibadili pembe tu. Likitembea hata nusu milimita, kipima-wimbi kinasoma wastani wa mboni zinazohama na RMS yako nzuri haina maana.

KamaKioo:

Asanteni sana. Vioo vimekunjwa nje ya ubapa, na duara halitembei kwa kiasi kinachopimika. Kitundu sasa ni 40 µm, eneo digrii 1. Kilele cha fokasi kiko 0.14 D kutoka sifuri. Digrii 3 sasa ni kali sana. Fovea naona koni kuanzia kama digrii 0.3 kutoka katikati, lakini si kila mara: kuna video nzuri na video mbovu kwa jicho lilelile, dakika moja kwa nyingine, na RMS haibadiliki sana. Pia kuna koni nyeusi, kama mapengo kwenye mpangilio. Hizo zimekufa?

MachoziMakavu:

Video nzuri moja, mbovu moja, kwa jicho lilelile: tazama utando wa machozi na namna mboni ilivyokaa.

Utando wa machozi huanza kupasuka sekunde chache baada ya kupepesa. Kasoro zake ni ndogo na nyingi, nyembamba kuliko umbali wa kisukumizi hadi kisukumizi, kwa hiyo kioo nyumbufu hakiwezi kuzifuata, na vijilenzi vinazichanganya ndani ya nukta moja iliyochakaa. RMS inayokokotolewa kutoka modi (maumbo ya msingi ya kasoro) chache haitazionyesha. Angalia nukta zenyewe: zikianza kuwa na mikia au kupungua mng'ao kwa mabaka, ni machozi. Mwambie mshiriki apepese mara mbili, subiri sekunde 1, rekodi sekunde 5 hadi 8, mpe pumziko. Video ya sekunde 30 bila kupepesa ni hasara tupu. Matone ya machozi bandia yawe mepesi, ya jeli yanaharibu wimbi kwa dakika kadhaa.

Mboni: tropikamidi 1%, na fenilefrini 2.5% pale inapobidi, baada ya mtaalamu wa macho kukagua pembe ya chemba ya mbele. Mwale wako ni 7 mm. Mboni ikifunguka hadi 6.5, vijilenzi vya ukingoni vinapokea kivuli cha iris, programu inapachika miteremko ya uongo, na visukumizi vya pembeni vinaanza kusukumana. Weka kanuni: kijilenzi kisichopata angalau nusu ya mwangaza wa kati kisihesabiwe, na matriki (jedwali linalogeuza miteremko kuwa amri za visukumizi) ikokotolewe upya bila hicho. Toa pia modi zenye thamani ndogo kwenye matriki mpaka ukingo utulie. Gaini (sehemu ya kosa inayosahihishwa kila mzunguko) ya 0.3 inatosha, pamoja na kuvuja kidogo (zidisha amri iliyotangulia kwa 0.99) ili makosa yasijikusanye.

Kipande cha kung'ata kilichotengenezwa kwa alama ya meno ya mshiriki ni bora kuliko kiegemeo cha kidevu. Kichwa kikihama 0.3 mm, kila kasoro iliyokwisha kusahihishwa inakuwa imekaa pembeni ya mahali pake. Tena koni ni kama mirija inayoelekea sehemu maalumu ya mboni. Mwale ukiingia mbali na hapo, zinarudisha mwanga mchache na mandharinyuma inabaki vilevile, kwa hiyo utofauti unashuka bila kosa lolote la wimbi. Kwa video mbovu, sogeza kichwa 0.5 mm kushoto au kulia kabla ya kulaumu programu.

Kama bado unaona mng'ao mweupe katikati ya nukta za Shack-Hartmann, huo ni mrudisho wa konea. Ingiza mwanga wa kupimia ukiwa mwembamba na umehama kama 1 mm kutoka kilele cha konea.

PikseliMbili:

Na wastani wa fremu 40 usiuchukue kabla ya kulinganisha fremu. Mpangilio:

1. Nyoosha upotoshaji wa skana ya resonansi. Inakwenda kwa mwendo wa sini, katikati haraka na pembeni polepole. Piga picha kioo chenye mistari ya umbali unaojulikana, tengeneza jedwali, badilisha kila fremu.
2. Chagua fremu rejea isiyo na kupepesa wala mruko wa jicho.
3. Kata kila fremu kuwa vipande vya mlalo vya mistari 16 hivi, linganisha kila kipande peke yake na fremu rejea. Mstari mmoja unachorwa kwa takriban mikrosekunde 65, fremu nzima kwa milisekunde 33, na ndani ya muda huo jicho limeshateleza.
4. Tupa vipande ambavyo ulinganifu wake ni hafifu.

Hatua ya 2 ndiyo huwaangusha wengi. Fremu rejea yenyewe ilichorwa jicho likitembea, na upotovu wake unahamia kwenye wastani wote. Picha itakuwa kali na isiyo ya kweli: koni zimebanwa upande mmoja. Fanya ulinganisho kwa fremu rejea tatu tofauti, ukipata umbali tofauti wa koni, hujapata jibu bado.

Tundu_Finyu:

Kuhusu koni nyeusi: hapana, usiandike "zimekufa".

Koni kwenye picha ya kitundu inang'aa kwa sababu ya mrudisho kutoka mpaka wa kipande cha ndani na cha nje na kutoka ncha ya kipande cha nje. Mirudisho hiyo inaingiliana, na mng'ao wa koni moja hupanda na kushuka ndani ya dakika na saa. Rudi kwa jicho lilelile baada ya saa chache, utakuta baadhi ya nyeusi zimewaka na baadhi ya zilizokuwa zinang'aa zimefifia. SLD inapunguza chembechembe za mwingiliano ukilinganisha na leza, lakini haiziondoi ndani ya koni moja.

Ukitaka ushahidi zaidi, ongeza upokeaji wa nusu-kwa-nusu, uliochapishwa mwaka 2014. Mwanga unaopita kitundu unaendelea kwenda PMT ya kwanza, ule unaoanguka kuzunguka kitundu unagawanywa kushoto na kulia kwenda PMT mbili. Picha ni (kushoto − kulia) / (kushoto + kulia). Hapo unaona vipande vya ndani kama vijivimbe vyenye kivuli upande mmoja, hata pale ambapo kipande cha nje hakirudishi mwanga. Koni nyeusi kwenye kitundu lakini yenye kijivimbe kwenye nusu-kwa-nusu bado ina mwili. Mpaka wake: katikati kabisa ya fovea vijivimbe ni vidogo mno na vinashikana, kwa hiyo njia hii ina nguvu zaidi kuanzia pembeni kidogo. Seli fimbo nazo ni ngumu kwayo. Hizo zitafute kwenye picha ya kitundu, fokasi ikiwa kali kuliko unavyohitaji kwa koni. Ndivyo zilivyoonekana kwenye jicho hai mwaka 2011.

Mgeni_wa_OCT:

Samahani kuingilia. OCT (mashine inayopiga picha matabaka ya retina kwa kina) ya kliniki inatoa ukali wa 5 µm bila kioo nyumbufu. Kwa nini basi haionyeshi koni?

Fundi_Wimbi:

Hiyo 5 µm ni ya kina, na inatokana na upana wa rangi za chanzo, haihusiani na mboni. 0.44 × λ² / upana: kwa 840 nm na upana wa 50 nm ni 6.2 µm hewani, 4.5 µm ndani ya retina. Upande kwa upande, mwale wa OCT ya kawaida ni mwembamba, milimita moja na ushee, ili kasoro za jicho zisisumbue, na gharama yake ni doa la kama 15 µm. Hapo zinaingia koni kadhaa za fovea kwa mkupuo. Ukifungua mwale hadi 7 mm bila optiki badilifu, doa linaharibika badala ya kupungua. Ukiunganisha vyote viwili unapata koni moja moja kwa pande zote tatu, na hata kupima kipande cha nje kikirefuka kwa nanometa kadhaa baada ya mmweko, kwa kufuata fezi ya mwanga.

MachoziMakavu:

KamaKioo, kitu kimoja ambacho hakuna aliyekigusa. Ulipotoka digrii 2 kwenda digrii 1 bila kushusha nguvu, mwanga uleule sasa unaanguka kwenye robo ya eneo. Umulikaji umepanda mara 4. Hesabu upya kwa ISO 15004-2 au ANSI Z136.1: tafuta kikomo cha 790 nm kwa eneo jipya na muda wa jumla wa kikao, kikomo cha 850 nm, gawanya nguvu uliyonayo kwa kila kikomo, jumlisha sehemu hizo mbili. Jumla lazima iwe chini ya 1, na afadhali iwe mbali chini. Nguvu ipime kwenye konea kwa mita iliyosawazishwa kwa urefu huo wa wimbi, mita ya 633 nm itakupa namba nyingine.

Pia skana ikisimama, mwanga wote unabaki kwenye mstari au nukta moja. Lazima kuwe na kizuizi kinachofunga mwanga chenyewe kwa kufuata ishara ya mwendo wa skana, kisichosubiri programu ya kompyuta.

KamaKioo:

Kizuizi kipo, kinasoma ishara ya skana moja kwa moja. Hesabu ya digrii 1 nitairudia kabla ya mshiriki mwingine kukaa. Swali la mwisho: kwa msongamano wa koni, 290 µm kwa digrii naweza kutumia kwa watu wote?

PikseliMbili:

Usitumie. Pima urefu wa kila jicho, kisha milimita kwa digrii = 0.01306 × (urefu − 1.82). Jicho la 24 mm ni 0.290, la 26 mm ni 0.316. Tofauti ya 9% kwa urefu inakuwa 19% kwa eneo, na msongamano ni kwa eneo. Mwenye jicho refu ukimhesabia kwa 290 utamwandikia koni nyingi kuliko alizonazo kwa kila milimita mraba. Ripoti pia msongamano kwa digrii mraba, maana huo hautegemei urefu uliopima na mwenzako anaweza kuukagua.